Chuo cha Kiungani na Maandishi ya Wanafunzi Wake

Mtoto wa Nyakitonto, katika nchi ya juu ya Kigoma, husema Kiha nyumbani na husoma Kiswahili sanifu shuleni. Kiswahili hicho kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na msingi wake ni Kiunguja. Lakini tangu zaidi ya nusu karne kabla ya mkutano huo Kiunguja kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kizungu na wavulana wa Kiungani. Kwa hiyo habari za shule ile ya bweni ya Waingereza zawahusu hata watu walio mbali sana na Unguja.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dakta Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu, walifika Unguja, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Baadaye shamba la Kiungani, kusini ya mji, likanunuliwa, na hapo kikasimama Chuo cha Mtakatifu Andrea. Desturi zake zilikuwa za Uingereza: bweni, kengele, sala kwa saa. Lakini Myao, Mmakua na Mnyasa waliolala chumba kimoja hawakuwa na lugha ya kusemezana ila Kiswahili. Steere alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na misheni ilikuwa na mtambo wa chapa ambao wanafunzi waliufanyia kazi. Apangaye herufi za chapa ana sehemu yake katika tahajia, ingawa jina lake halitiwi juu ya jalada.

Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa London kitabu kiitwacho Kiungani. Ndani yake wavulana wenyewe wasimulia habari za makwao na jinsi walivyotekwa. Ni hazina kubwa, ila yote imo kwa Kiingereza cha Madan. Hasara hiyo si ndogo. Neno moja la Kiingereza hutosha kwa mtumwa, kwa mateka, kwa kijakazi, na kwa mtoto aliyewekwa rehani na mjomba wake wakati wa njaa. Kwa Mswahili hayo ni mambo manne, na mvulana aliyeyapata alijua lipi lililompata.

Majina nayo husaidia kidogo tu. Ni nani, akisoma jina la Cecil Majaliwa, aliyepata upadre mwaka 1890, atakayejua kwamba alikuwa Myao?

Hati za misheni zimehifadhiwa vyema katika maktaba ya Bodleian, Oxford: barua za maaskofu, hesabu, taarifa zilizopelekwa kwa watoa sadaka. Taarifa ya namna hiyo haikosi kupenda kuonyesha matunda. Mwanahistoria atakayetegemea hizo peke yake ataandika historia ya walimu, naye atadhani ameandika historia ya shule.

Yako maandishi mengine. Tangu mwaka 1888 Kiungani ilipiga chapa gazeti la Msimulizi, kwa Kiswahili, lenye habari walizoandika walimu wa Kiafrika kutoka vituo vya bara, wengi wao wanafunzi wa zamani wa chuo. Waliolelewa hapo hawakuacha kalamu: Samwil Sehoza aliandika juu ya kifungo chake wakati wa vita, kitabu kikatoka mwaka 1921, Martin Kayamba aliandika juu ya safari yake ya Uingereza, kikatoka mwaka 1932. Chuo chenyewe kilikuwa kimehamia Minaki, karibu na Kisarawe, mwaka 1925.

Kazi ya kwanza, basi, ni kulinakili Msimulizi lote na kulichapa upya pamoja na faharasa ya maneno. Maneno yake ya kutekwa, ya safari na ya kukombolewa yakiwekwa kando ya kitabu cha Madan, msomaji ataweza walau kukisia, ukurasa kwa ukurasa, ni neno gani la Kiswahili lililofunikwa na lile la Kiingereza.