Kuzimia si Kunyamaza

Wilaya ya Kilolo ilimegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002. Mwaka uliofuata, mbali na milima yake ya Udzungwa, watafiti walianza kuhesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya vijijini ya Hai na jijini Dar es Salaam. Kabla ya hapo, Watanzania walikuwa wameusikia ugonjwa huu kupitia msiba wa taifa: Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere, akitibiwa saratani ya damu London, alipatwa na kiharusi kikubwa, akapoteza fahamu, na tarehe 14 akafariki.

Hesabu ilishangaza. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya 315.9 kwa mwaka katika kila watu 100,000, Hai 108.6. La kushangaza zaidi lilitoka kwenye mazungumzo na familia. Jijini wengi walitaja mashetani na uchawi, wakaanzia kwa waganga. Hai walitaja shinikizo la damu na vyakula vya mafuta, wakaanzia hospitali. Anayedhani mkulima wa Ilula au Pomerini, huko Kilolo, ndiye wa kuelimishwa kwanza, na aanze na jirani yake wa mjini.

Lakini kwa nini, kiharusi kinapopiga, mmoja apooze akiwa macho, mwingine azimie? Mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walionyesha kwamba mtandao wa neva ndani ya shina la ubongo ndio unaouamsha ubongo wote. Kiharusi cha upande mmoja mara nyingi huuacha mtandao huo salama. Fahamu hupotea shina lenyewe linapoumia, au damu iliyovuja na uvimbe vinapoligandamiza.

Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo cha fahamu kisichohitaji hata umeme, ambacho leo huhesabiwa hivi: macho hadi alama 4, usemi 5, viungo 6. Anayepata 8 au pungufu huhesabiwa kuwa amezimia. Zahanati ya mlimani inaweza kukitumia sawa na hospitali ya rufaa, lakini kina mtego. Kiharusi cha upande wa kushoto huweza kuua usemi na kuacha akili ikiwa timamu, hivyo mgonjwa hupungukiwa alama ilhali anasikia kila neno la wanaomjadili kitandani.

Basi aliyenyamaza asemeshwe. Aliyezimia alazwe ubavu, asinyweshwe uji wala dawa, na saa dalili zilipoanza iandikwe kabla gari halijaondoka.