Muhula wa Mahakama, Kupitwa na

Muhula wa mahakama ni muda ambao sheria, au jaji au hakimu kwa amri yake, humwekea mdai au mdaiwa ili atimize tendo fulani la shauri, kama kuleta utetezi wa maandishi au kufikisha hoja alizoruhusiwa kuziandika badala ya kuzisema kwa mdomo; na aliyepitwa na muhula huo pasipo kuomba nafuu huweza kuikosa haki yake, ijapokuwa ushahidi wake ulikuwa thabiti.

Tanzania Bara, ambako mambo haya huongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, mdaiwa aliyekwisha kupokea hati ya madai ana siku 21 za kujibu. Na kwa marekebisho ya kanuni ya mwaka 2019, aweza kuomba aongezewe muda kabla ya siku hizo kwisha, au katika siku 7 zifuatazo, naye akionyesha udhuru wa kuridhisha huongezewa siku 10. Akinyamaza, mdai huruhusiwa kulithibitisha dai lake peke yake, na hukumu itokayo huwa ya upande mmoja.

Amri ya kuleta hoja za maandishi ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa huonekana kama jambo la karatasi tu. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba kutoleta hoja hizo katika tarehe iliyoamriwa ni sawasawa na kutohudhuria siku ya kusikilizwa: aliyeleta maombi huona maombi yake yakitupwa, na mjibu maombi huamuliwa bila ya kusikilizwa.

Hata hivyo sheria haikuufunga mlango, maana mahakama ina hiari ya kuurefusha muda iliouweka yenyewe, hata kama umekwisha kupita. Hiari hiyo lakini hufuata mizani, na mizani inayotajwa zaidi ni ile ya maombi ya Lyamuya Construction ya mwaka 2010: mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii wala si uzembe, na itazamwe kama ipo sababu nyingine nzito, mathalani uvunjaji wa sheria ulio dhahiri katika uamuzi unaolalamikiwa. Kueleza muda wote maana yake ni kila siku, hata iwe moja. Ugonjwa wahitaji hati za tabibu. Uzembe wa wakili kwa kawaida hauhesabiwi kuwa udhuru, na kutojua sheria vivyo hivyo. Sharti hili ni zito mno kwa mnyonge asiye na wakili, na inafaa karani wa masjala amfahamishe tarehe zake kwa lugha aielewayo. Lakini mpinzani wake naye amengoja, na kungoja huko kuna gharama, ambayo mahakama huweza kuamuru ilipwe na aliyechelewa.

Tena yapasa kupambanua baina ya shauri lililoondolewa mahakamani kwa kasoro, ambalo laweza kuletwa upya iwapo muda ungali upo, na shauri lililotupwa kwa kufunguliwa nje ya wakati chini ya Sheria ya Ukomo ya 1971, ambalo mwenyewe hawezi kulifungua tena katika mahakama ile ile, ila hubakiwa na njia ya kupinga uamuzi huo katika mahakama ya juu, nako pia atakuta muhula unaohesabiwa.