Somo la Historia: Kanuni za Kufunga Simu Nyumbani

Somo letu la leo ni kanuni za kuunga simu ya nyumbani na waya wa simu. Huenda mmoja wenu huko Usagara akauliza, "Simu nimeinunua kwa fedha yangu. Mbona lazima ikubaliwe na serikali kwanza?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika historia.

Kwanza tutazame waya wenyewe. Kituo cha simu hupeleka katika waya umeme mdogo, kama volti 48 hivi. Umeme wa taa za nyumbani ni volti 230. Sasa fikirini: mtu ameunga chombo kibovu, na umeme wa nyumba umepenya katika waya wa simu. Fundi yuko mbali, juu ya nguzo. Anashika waya akidhani ni salama. Anaweza kufa. Tena, kando ya Ziwa Viktoria radi ni nyingi, na radi hufuata waya. Kwa hiyo waya wa simu hutiwa kizuia-radi kilichoungwa na ardhi.

Hapo zamani hatari hizo zilizuiwa kwa njia moja: chombo hakikuwa cha mteja. Mwaka 1933 Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganisha kazi zao za posta na simu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika lake la Posta na Simu. Mteja aliomba, akangoja, kisha fundi wa shirika akaja kufunga. Mteja alilipa ada, lakini hakuwa na ruhusa ya kuunga chombo chake mwenyewe.

Je, ni lazima iwe hivyo? Huko Marekani, Bwana Thomas Carter wa Texas alitengeneza chombo cha kuunganisha redio na simu. Kampuni ya simu ilikikataa. Mwaka 1968 tume ya serikali iliamua kwamba mteja anaweza kutumia chombo chake, maadamu hakidhuru mtandao wa simu.

Tanzania nayo ilibadili njia. Sheria ya mwaka 1993 iliunda Tume ya Mawasiliano, na mwaka 2003 kazi hiyo ikapewa Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA. Tangu hapo mtu hununua simu yake dukani, lakini aina ya simu hiyo lazima iwe imepimwa na kukubaliwa. Sheria ya mwaka 2010 inashika kanuni hiyo hiyo, hata kwa simu za mkononi. Ndiyo maana usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini.

Basi mmeona. Mwenye chombo amebadilika, lakini sababu ya kanuni haikubadilika. Simu ni kama kisima cha kijiji. Ndoo ni yako, kisima ni chetu sote. Mwenye ndoo chafu huwadhuru majirani.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini fundi aliye juu ya nguzo anahitaji kanuni hizi?
2. Kabla ya mwaka 1993, nani alifunga simu nyumbani?
3. Bonyezeni *#06# katika simu ya mkononi. Someni kwa sauti namba ya tarakimu 15 itakayotokea. Hiyo ndiyo namba ya kuitambulisha simu yenu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.