Deni Lisiloisha na Miaka Mitatu

Pale Kwa Sadala, barabara ya Moshi na Arusha inapopita chini ya vilima vya Masama, madai ya mali hayaishi. Lori limevunja ukuta wa mtu. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya jirani. Mfongo umepasuka na kusomba migomba.

Zamani Uchaggani madai ya namna hiyo hayakuwa na siku ya kufa. Mkosaji alipeleka jani la isale kuomba radhi, wazee wakakaa, fidia ikatajwa. Asipolipa, deni lilikaa. Mwana alidaiwa ng'ombe aliyekuwa kwa babu yake, na hakuna aliyeshangaa.

Waingereza walikuja na kipimo kingine, tena cha kuazima: Sheria ya Ukomo ya India ya mwaka 1908, ambayo ilitumika Tanganyika hata baada ya uhuru. Mwaka 1964 madai ya kimila nayo yakawekewa kanuni za muda, na anayedai ardhi kwa mila akapewa miaka 12. Kisha mwaka 1971 Bunge letu likatunga Sheria ya Ukomo wa Muda, Namba 10. Humo mkataba una miaka 6, ardhi 12, na aliyeharibiwa mali kwa uzembe wa mwenzake ana miaka 3. Akichelewa, shauri linatupwa hata kama mdaiwa hakulalamika.

Sibezi sheria hiyo. Mashahidi hufa, na masale ya mpakani hung'olewa usiku. Kinachoniuma ni kwamba mtu wetu hupoteza haki kwa ustaarabu wake. Mwenye lori anasema, "Mzee, subiri nimalize mavuno," naye anasubiri. Mwaka wa pili wanaletwa wazee, mbege inanywewa, ahadi inarudiwa. Kwetu huko ndiko kudai. Mahakama zimekwisha kuamua mara nyingi kwamba mazungumzo hayasimamishi muda: siku zilianza kuhesabiwa ukuta ulipoanguka.

Mtoto husubiriwa hadi awe mtu mzima. Kwa wengine umeachwa mlango mmoja mwembamba: Waziri wa sheria, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, aweza kuongeza muda usiozidi nusu, yaani miaka 3 iwe 4 na nusu. Lakini lazima aombwe, na wanaosubiri mavuno ya mwenye lori wengi wao hawajapata kusikia kwamba Waziri huombwa jambo kama hilo.