Safari Rally: Mbio Zilizovuka Mipaka ya Afrika Mashariki

Mtu wa Bunia, mkoani Ituri, Kongo, akivuka Ziwa Albert kutokea Kasenyi, au akipita mpaka wa Mahagi, anaingia Uganda, nchi ambayo zamani ilikuwa njia ya mojawapo ya mashindano magumu kabisa ya magari duniani. Wengi wakisikia mbio za magari huwaza Monaco, lami nyororo na matajiri. Kanda yetu ina historia yake, na iliandikwa kwenye udongo mwekundu.

Ilianza mwaka 1953. Nairobi, Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent walikuwa wakitafuta namna ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Vincent hakupendezwa na mbio za kuzunguka kiwanja kimoja mara kwa mara. Alitaka safari ndefu ya kuvuka nchi na kurudi, atakayetangulia kufika ndiye mshindi. Basi magari yakapangiwa njia kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani, ili mwenye gari la kawaida apambane na wenzake. Mwaka 1960 mashindano yakaitwa East African Safari Rally.

Hapakujengwa uwanja. Barabara ya raia ndiyo ilikuwa uwanja, na malori, mabasi, baiskeli na ng'ombe waliendelea kuitumia. Kwa kuwa kwa miaka mingi mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, dereva aliyekimbia kwenye vumbi asubuhi aliweza kuzama kwenye matope jioni. Baadaye timu za viwanda vikubwa zilileta helikopta iliyotangulia juu ya gari ili kumwonya dereva juu ya watu na wanyama waliokuwa mbele. Miaka mingi njia ilizidi kilomita 5,000. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya akiendesha Peugeot 404.

Wageni walikuja na mafundi wengi na magari mapya, wakarudi kwao mikono mitupu. Ilichukua hadi mwaka 1972 ndipo dereva kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland, aliposhinda kwa Ford Escort. Kabla yake ushindi ulikuwa wa wenyeji waliojua mto upi hujaa haraka na kona ipi hugeuka utelezi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi.

Aliyewapita wote enzi hizo ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mehta alihamia Kenya. Mwaka uliofuata, Safari Rally ilipoingizwa katika ubingwa wa dunia, yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawa. Ushindi akapewa Mehta, kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Akashinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Katika Safari Rally za ubingwa wa dunia, hakuna mwingine aliyefikisha ushindi mara 5 kama yeye.

Wakati huo mbio zilikuwa zimekwisha kupoteza nchi mbili kati ya tatu. Siasa ziliharibika kati ya majirani, na katikati ya miaka ya 1970 njia ikabaki ndani ya Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika mwaka 1977. Baada ya mwaka 2002, Safari Rally ikaondolewa katika ubingwa wa dunia, fedha na maandalizi vikiwa havitoshi.

Viwanja vya lami havikudumu zaidi. Ain-Diab, Casablanca, ilipokea Formula 1 ya ubingwa mara moja tu, mwaka 1958. Afrika Kusini iliziandaa mbio hizo East London, kisha Kyalami, ambako mbio za mwisho zilikuwa mwaka 1993. Desemba 2024, Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba nafasi ya kuandaa Formula 1.

Barabara ya udongo ndiyo iliyorudi kwanza. Juni 2021, baada ya miaka 19, Safari Rally ilirejea katika ubingwa wa dunia, makao yake Naivasha. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda, na vumbi laini la Kedong likavunja magari ya thamani kubwa mbele ya umati wa Wakenya.

Tangu mwaka 2022 Kongo nayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa. Kurudisha mbio za nchi kadhaa, kutoka Nairobi hadi Kampala na siku moja hata Bunia, kungegharimu kidogo kuliko kujenga uwanja mmoja wa Formula 1. Lakini Ituri ina haja mbili za kutangulia: amani, ili mtu asafiri kutoka Komanda hadi Mahagi bila hofu, na barabara inayopitika wakati wa mvua. Wakubwa wa jumuiya wazitimize hizo kwanza. Zitawafaa wafanyabiashara na wagonjwa kila siku, hata mwaka ambao hakuna gari la mashindano litakalopita.