Hati Ukutani

Kabla sijaacha chuo nilisoma Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyochezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, 1977. Kilichonikaa ni hati ya shamba, ekari moja na nusu, ukutani kwa Kĩgũũnda. Binti yake anapendana na mtoto wa tajiri. Wazazi wanaambiwa kwanza wafunge ndoa kanisani. Wanakopa, shamba likiwa rehani. Binti anapewa mimba, anaachwa. Shamba nalo linaenda.

Walioigiza walikuwa wakulima na vibarua wa hapo hapo, na maneno mengine waliwarekebishia waandishi. Hapo ndipo serikali iliogopa, nadhani. Novemba kibali kikafutwa. 1982 polisi wakabomoa jukwaa lenyewe.

Kwetu hati ilitolewa ukutani kwa sababu ya karo yangu. Bado iko benki.