Kulala na Rika, Kula kwa Mama: Bweni, Kutwa na Mwanafunzi wa Chuo Kutoka Kyela

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walipofanya utafiti wao Unyakyusa, yaani eneo la Kyela na Rungwe, kati ya 1934 na 1938, waliwakuta wavulana wa miaka 10 au 11 wakihama nyumba za baba zao. Hawakwenda mbali. Walijenga vibanda pembeni mwa kijiji cha wazazi na kulala humo wao kwa wao, na vibanda vilipoongezeka kikawa kijiji cha vijana wa rika moja, ambacho kwa Kinyakyusa huitwa ikipanga. Mchana waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Chakula walikifuata kwa mama zao, lakini si kila mmoja kwao: walikwenda kwa kundi, wakila kwa mama huyu kisha kwa yule. Monica Wilson aliyaandika haya katika Good Company, kitabu kilichotoka mwaka 1951, na akasisitiza kwamba kwa Wanyakyusa kijana aliyekua bila wenzake alihesabiwa kuwa hajafunzwa.

Mjadala wa vyuo vyetu juu ya bweni na kutwa huendeshwa kana kwamba kijana wa Kiafrika alilala kwa wazazi mpaka alipokuja mmishenari na shule yake. Pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa inatukatalia dhana hiyo. Tena inatufundisha kulipanga swali vizuri zaidi. Sisi huuliza mwanafunzi analala wapi, tukaishia hapo. Vijiji vya rika vilitenganisha mambo matatu: kijana alale na nani, ale kwa nani, na kazi yake imnufaishe nani. Kila jambo lilikuwa na jibu lake. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba sehemu kubwa ya madhara tunayoyahusisha na kukosa kitanda chuoni yanatokana na kukosa chakula cha uhakika na kukosa jioni ya pamoja, na kwamba chuo kinaweza kuyatibu hayo mawili kabla hakijajenga bweni hata moja.

Fasihi ya kitaaluma inayonukuliwa sana katika jambo hili ni ya Marekani. Arthur Chickering mwaka 1974, na Alexander Astin mwaka 1977, walionyesha kwamba wanafunzi wanaoishi chuoni hushiriki zaidi katika maisha ya chuo na wana nafasi kubwa zaidi ya kumaliza masomo kuliko wanaokwenda na kurudi. Matokeo hayo yameingia katika maandiko ya miradi ya mabweni mpaka yamekuwa kama sala. Lakini Chickering mwenyewe alieleza kwamba wa kutwa walianza masomo wakiwa nyuma tayari, kwa kipato cha wazazi na kwa maandalizi ya shule. Bweni lililipwa sifa ambayo sehemu yake ni ya mfuko wa baba. Zaidi ya hayo, kwa kawaida mwanafunzi wa bweni kule hulipia chumba pamoja na mlo, na akitoka darasani anakuta meza imeandaliwa. Hosteli nyingi za kwetu hutoa godoro, pengine na kabati. Tunayafananisha mambo mawili kwa sababu tu yana paa.

Hata neno kutwa linatuficha mengi. Kyela iko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Mbeya iko juu kwenye mita 1,700 hivi. Barabara inapanda Tukuyu, inapita Uyole, na safari nzima ni zaidi ya kilomita 100. Kijana wa Ngonga au Ipinda aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au Teofilo Kisanji, hawezi kwenda na kurudi kila siku. Akikosa hosteli anapanga geto, yaani chumba cha mtaani. Katika daftari la chuo ataandikwa kuwa anaishi nje, safu moja na binti wa Mbeya mjini anayelala kwao na kunywa chai ya mama yake asubuhi. Ukichanganya hao wawili katika dodoso moja kisha ukatafuta athari ya kuishi nje ya chuo, utapata wastani usiomhusu yeyote kati yao.

Geto ndilo linalostahili kuchunguzwa kwa makini, maana ndiko waliko wengi. Huko kijana yuko mbali na wazazi, lakini wenzake wa darasa hawamzunguki kama wanavyomzunguka wa hosteli. Wametawanyika mtaani, kila mmoja kwa mwenye nyumba wake. Anakwenda sokoni, anapika, anateka maji, anafua, halafu ndipo afungue daftari. Diskasheni ya jioni, ambayo wanafunzi wenyewe watakwambia ndiko somo linakoeleweka, inavunjika mapema kwa sababu kuna anayeogopa njia ya giza na kuna aliyeacha maharage jikoni. Kinachomwokoa mara nyingi ni gunia la mchele linalopakiwa kwenye basi kutoka Kyela. Mchele huo una sifa nchi nzima, lakini kwa mwanafunzi una thamani nyingine: ni mkono wa mama uliorefushwa mpaka mlimani. Na ndivyo inavyotokea kwamba geto lenye mchele huvuta wageni, wanne watano wakala sufuria moja, na hapo ndipo diskasheni inapofanyika kweli. Vijana hao hawajasoma Good Company, lakini wanakula kwa kundi vilevile.

Kwamba meza ndiyo kiini, historia ya Mlimani, Dar es Salaam, inaonyesha pia. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964, na kwa karibu miaka 30 Serikali ilibeba malazi na chakula cha wanafunzi. Sera ya kuchangia gharama ilipoanza miaka ya 1990, chakula kilitoka jikoni kikaingia mfukoni. Leo mwanafunzi mwenye mkopo hupewa fedha za kujikimu, bumu kwa lugha yake, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku. Ni fedha ya chakula na malazi. Bumu likichelewa, wa hosteli na wa geto wanashinda njaa sawasawa. Vitanda navyo vilipopungua, wanafunzi walibuni kubebana: mwenye kitanda anamlaza asiye nacho. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, zilipunguza msongamano huo, na ni haki zisifiwe. Hata hivyo nani atakula na nani ni jambo ambalo jengo haliwezi kuamua.

Wanafunzi wengi wa vyuo vya kati wako katika hali ngumu zaidi. Mikopo ya stashahada ilianza mwaka 2023 tu, tena kwa fani teule. Kwa mzazi wa Kyela, ada na kodi ya chumba hutoka kwenye kakao na mpunga. Bei ya kakao ilipopita dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia mwaka 2024, ilikuwa rahisi kwa mkulima kumlipia mwanawe hosteli. Bei inapoporomoka, mtoto yuleyule anahamishiwa kwa mjomba. Tunapopima athari za makazi juu ya matokeo ya mitihani, tunaweza kuwa tunapima bei ya kakao bila kujua.

Sasa huyu wa kwa mjomba, au anayesoma karibu na kwao, naye tusimpambe. Nyumbani kuna chakula, lakini kuna kazi pia, na kazi haijui kama kesho kuna testi. Kakao inataka kuchachushwa na kuanikwa. Masika yakikaza, Mbaka au Lufilyo ukafurika, nauli ya bodaboda inapanda na kipindi cha saa mbili asubuhi kinampita. Ukitokea msiba, na Kyela msiba ni wa kijiji kizima, kijana anayelala nyumbani hana namna ya kukaa pembeni akisoma. Wa hosteli anasamehewa kwa kuwa haonekani. Faida ya anayelala nyumbani ni kwamba anabaki mtu wa watu: anajua shamba limezaa nini na nani anaumwa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba shule inamtenga kijana na jamii inayomlisha. Mwanafunzi wa kutwa hana ugonjwa huo. Ana wa pili: jamii haimwachii nafasi ya kuwa mwanafunzi.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba napamba mambo ya kale. Ni kweli vijiji vya rika vilikwisha kudhoofika. Vijana walikwenda migodi ya kusini kutafuta fedha, ardhi ikawa haba, na Monica Wilson mwenyewe alieleza mabadiliko hayo katika kitabu chake cha mwaka 1977. Mwaka 1973 Michael McKenny aliyahoji maelezo yake juu ya muundo wa jamii ya Wanyakyusa. Na mfumo wenyewe ulikuwa na masharti ya wazee: kijana alilala huru, lakini jasho lake lilikuwa la baba mpaka aoe.

Doa kubwa kuliko yote ni wasichana. Hawakuwa na kijiji chao. Walibaki kwa mama zao, wakapika chakula ambacho kaka zao na marafiki walikuja kukila, kisha wakatoka kwenda kwa waume. Mfano huu wa jioni ya pamoja uliendeshwa kwa kazi ya mikono ambayo haikukaribishwa mezani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema bweni ligawiwe kwa bahati nasibu au kwa anayewahi kulipa. Msichana anayelala kwao hurithi jiko, na aliye geto hurithi giza la njiani na mwanamume anayejitolea kumlipia kodi. Kwake kitanda cha chuoni kina maana ambayo hakina kwa kaka yake, kwa hiyo vitanda vichache vilivyopo vianze na yeye, hasa mwaka wa kwanza.

Kwa waliobaki, Ujerumani inatupa mfano wa kufikiriwa. Vyuo vikuu vya kule havikujengwa juu ya bweni. Wanafunzi wengi hupanga mitaani. Lakini yapo mashirika ya huduma za wanafunzi yanayoendesha migahawa yenye bei nafuu, anakokula mwenye hosteli na asiye nayo. Kyela, Rungwe na Mbeya hazikosi mchele, ndizi, samaki wala mawese, na mama lishe wamekwisha kuzunguka kila lango la chuo. Chuo kinaweza kuingia nao mkataba, kikatoa jengo, maji na umeme, chakula kikalipiwa kwa wiki au hata kwa gunia la mpunga msimu wa mavuno, na chuo kikaacha madarasa mawili matatu wazi yenye taa mpaka saa nne usiku. Gharama yake haifanani na ya bweni la ghorofa. Mabaraza ya vyuo yanayojadili bajeti ya mwaka ujao yaweke jiko na taa za jioni mbele ya matofali, na wizara isikipime chuo kwa idadi ya vitanda.